Madam wa Migomba ya Chupa

Madam wetu wa Baiolojia hakuamini salamu kabla hajaona mikono. Ukimwambia "Shikamoo Madam," atakujibu "Marahaba, mikono?" na hapo hapo unafungua viganja kama unaomba dua. Anakagua kucha, anageuza, anakagua na nyuma. Hata wazazi aliwafanyia hivyo. Siku moja alimfanyia padri aliyekuja shuleni kuulizia wanakwaya, na padri wa watu akatoa mikono, akakutwa na udongo kwenye kucha maana alitoka kupalilia kabichi zake. "Baba, misa utaendesha," Madam akamwambia, "ila maabarani kwangu huingii." Padri mwenyewe alicheka mpaka akajishika kiuno.

Kwao ni wapi, sikuwahi kumuuliza. Mwalimu unamkuta yupo, kama mlima. Alikuwa mnene kidogo, mfupi, anavaa kitenge na buti za mvua, na koti lake jeupe anatembea nalo ndani ya mfuko ili lisichafuke njiani. Njia zetu huko juu, ukishapita Kinole, si za mtu wa buti. Kila Jumatatu, akirudi kutoka kwake, alikuwa anafika anahema, anakaa kwenye jiwe pale getini na kuulaani mlima kwa majina yote. "Nani aliyewaambia mkae huku juu? Hamkuona tambarare?" Na sisi tunamjibu, "Madam, tambarare kuna mbu!"

Watu wa shule za mjini, kama wale wasichana wa Kilakala, nadhani wanajua maabara ni nini tangu Form One. Sisi shule yetu ya kata tuliijua kwa sababu yake. Kulikuwa na stoo ya majembe iliyokaa tupu karibu na ofisi ya mkuu wa shule. Akaiomba. Akaipiga deki, akaipaka chokaa, akaziba kila tundu kwa magazeti na gundi ya unga. Fundi wa madirisha mjini akamtengenezea sanduku la kioo lenye matundu mawili ya kuingizia mikono. Sufuria la presha lilitoka jikoni kwake. Chupa tulikusanya sisi, chupa za jamu, za asali, za dawa ya kikohozi, tukaambiwa tuzichemshe mpaka zisahau zilibeba nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua chipukizi la mgomba, unalimenya kama kitunguu mpaka unafika moyoni, kwenye kipande cheupe kidogo kama punje ya mchele. Unakiosha kwa jiki. Unakiweka ndani ya chupa yenye uji mzito wa sukari, maji ya dafu na dawa alizopewa na rafiki yake wa chuo cha kilimo. Unafunika. Ukikaa wiki kadhaa, kile kipande kinatoa jani, kinatoa na mwenzake, unawagawa, wanazaana tena, na wote ni wazima, hawana ule ugonjwa wa kunyauka ulioingia mashambani kwetu. Lakini asipumulie mtu pale, asikohoe mtu, maana hewa ya mdomoni ina wadudu wa ukungu. "Msiguse, msipumue!" ndiyo ilikuwa amri. Zuhura aliishika amri hiyo mpaka akaanguka. Kweli kabisa, alibana pumzi tangu mwanzo hadi mwisho, alipomaliza kufunika chupa akaenda chini kama gunia. Madam alimpepea kwa koti jeupe huku anafoka, "Nilisema usipumulie chupa, sikusema ufe!"

Huyo Zuhura alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Mimi mikono yangu inatetemeka nikifurahi, na mimi nafurahi mara nyingi. Zuhura mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayeshona. Madam alikuwa akimtazama anavyokata, anasahau hata kufoka.

Migomba haikuwa shida yake, hilo lazima niliseme. Ndizi zenyewe alikuwa hali. Wazazi wakimletea mkungu anaugawa kabla hajafika mlangoni. Alichokuwa anakitaka ni watu. Alikuwa anatuambia, huku amesimama na chaki kama ameshika sigara, "Mimi sifugi migomba, nafuga mafundi. Nataka mtu mmoja. Mmoja tu kutoka mlima huu, avae koti jeupe, alipwe mshahara wa maabara. Akishapita mmoja, njia imefunguka, nyie wengine mtapita nyuma yake." Alisema kwamba mkoa wetu una mazao yote na magonjwa yote, ila wanaoyapima wanatoka mbali. Kwa nini wasiwe watoto wa hapa hapa? Tulikuwa tunamsikiliza na kila mmoja anajiona ndani ya lile koti. Mimi nililala nalo miaka minne.

Alikuwa na vituko ambavyo haviendani. Kwenye ubao anakuchorea kinyonga, anakutajia familia yake yote na jinsi macho yake yanavyozunguka, halafu kinyonga mwenyewe akionekana dirishani, Madam yuko juu ya meza anaita jina la Mungu. Anakwambia chupa haziombewi, zinachemshwa. Halafu kabla ya kufunga mlango jioni unamwona anaweka kiganja kwenye rafu na midomo inacheza. Nilimuuliza, "Madam, unaomba?" Akasema, "Nahesabu." Alikuwa haombi, sawa. Ila kuhesabu gani kunakoishia na amina?

Kilichomchosha zaidi kilikuwa Kiingereza. Mtihani ni Kiingereza, na sisi tulikuwa tunakielewa kama mtu anavyoelewa redio yenye mikwaruzo. Alikuwa anafundisha kwa Kiingereza mlango ukiwa wazi, akiona mkuu wa shule amepita, anausukuma kwa buti na kuanza upya kwa Kiswahili.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo la mjomba. Sisi huku mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo wetu, lukolo, unapita kwa mama, shamba ni la ukoo, na anayeligawa ni mjomba. Baba anaheshimiwa sana, ila shamba la kukurithisha hana, labda akuombee kwa dada zake. Basi kwenye mtihani wa majaribio likaja swali la kurithi: mtoto anarithi tabia zake kutoka kwa nani? Neno la kurithi kwa Kiingereza tulilijua, tulilisikia kwenye kesi za mashamba. Darasa zima, na Zuhura akiwemo, tukaandika: kutoka kwa mjomba.

Madam aliingia na makaratasi, akasimama. Akasoma jibu la kwanza kwa sauti, la pili, la tatu. Kisha akakaa chini kwenye kiti, akacheka mpaka machozi. Alipoyafuta, macho yalibaki mekundu, na nilipoangalia vizuri nikaona kicheko kilikuwa kimekwisha muda mrefu.

"Nyie watoto," akasema, "mjomba kaingiaje kitandani?"

Darasa likalipuka. Mvulana wa nyuma akasema, "Madam, sisi hapa baba ni mtu wa kuja!"

"Wa kuja, lakini hakuja mikono mitupu. Sikilizeni. Shamba unapewa na mjomba, pua unapewa na baba. Semeni."

Tukasema. Akatuimbisha kutwa nzima. Jioni kila mtu kijijini anakagua pua. Kesho yake asubuhi mzee mmoja, fundi wa kupasua mbao, yuko ofisini kwa mkuu wa shule amevua kofia. "Mwalimu, umeniharibia nyumba. Mwanangu wa tatu pua yake si yangu, na mke wangu amenuna tangu jana kwa vile nilimtazama mtoto." Madam alikaa naye kwenye lile jiwe la getini saa nzima, anamchorea chini kwa kijiti jinsi pua ya bibi inavyoweza kujificha na kuruka kizazi. Yule mzee akaondoka ameridhika, na tangu siku hiyo kila akishuka mjini anamletea Madam dafu la kupikia ule uji wa chupa.

Mjomba wangu mimi hakuwa mwepesi hivyo. Miche ya kwanza ilipokuwa tayari kutoka chupani ilihitaji kitalu chenye kivuli, na shamba letu linapakana na shule. Madam akaenda kumwomba, nami nikamsindikiza. Mjomba alikuwa anaanika mdalasini. Akamsikiliza kwa adabu, akamkaribisha kigoda, halafu akauliza, "Hiyo migomba, mama yao nani?"

"Mama yao ni ule mgomba wa nyuma ya choo cha shule," Madam akajibu.

"Basi ni migomba ya shule. Na shule ni ya serikali. Hapa kwetu, ukipanda mti wa kudumu kwenye shamba, umesema shamba ni lako. Nikiwapanda hao humu, wajukuu wao watakuja kudai."

"Mzee wangu, migomba haidai."

"Migomba haidai, mwalimu. Wenye migomba ndio wanaodai."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini Madam alitulia. Akasema, "Basi nipe mtoto wa mgomba wako mwenyewe. Nimzalishe chupani, nikurudishie ukoo wako ule ule."

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo unamkata mtoto kwa wembe, unamtia chupani, kisha unaniletea umati. Huko ndani wanakula nini?"

"Sukari na maji ya dafu."

"Wanakula vizuri kuliko wajukuu zangu!" Lakini aliinuka na panga, akaenda kung'oa chipukizi la ule mgomba alioupanda mama yake, bibi yangu, akamkabidhi Madam kwa mikono miwili. Kwetu hilo si jambo dogo. Madam alilibeba kifuani mpaka shuleni, kitenge kikachafuka utomvu, na utomvu wa mgomba hautoki.

Mwaka ule Zuhura ndiye aliyelikata lile chipukizi. Chupa zikajaa rafu mbili. Ukipita dirishani unaona kijani kibichi kimejipanga nyuma ya kioo, kama darasa dogo. Madam alikuwa ameshapanga kuwaita wakubwa wa elimu waje waone, ili stoo ile iandikwe maabara kweli, iletewe vifaa, na Zuhura apate mtu wa kumshika mkono mpaka chuoni. Hilo ndilo lilikuwa tumaini lote, sikulijua lingine.

Mvua za masika zikaja na upepo, zikang'oa bati za stoo ya chakula. Mahindi ya uji na makande, yale ambayo kila mzazi anachanga, yakaanza kulowa. Mkuu wa shule aliita walimu na viongozi wa wanafunzi barazani, na mimi nilikuwemo kama dada wa mazingira. Alizungusha maneno mpaka ikawa aibu. Mahindi yalikuwa yanahitaji chumba kisichovuja. Chumba kisichovuja kilikuwa kimoja. Kila mtu anakijua, hakuna anayekitaja.

Aliyekitaja ni Madam.

"Yaleteni kwangu," akasema.

Mkuu akasema, "Lakini Madam, na chupa zako?"

"Mkuu, hao watoto wanapanda mlima hawajala. Wakianguka njiani nitamfundisha nani? Yaleteni, kabla sijabadili mawazo."

Wavulana wakabeba magunia. Vumbi la mahindi likapaa mpaka darini, na fukusi wakaja nalo. Tulifunika rafu kwa mashuka yake mwenyewe. Haikusaidia. Haikupita wiki, ukungu ukaingia chupa ya kwanza, pamba ndogo nyeupe pembeni mwa jani. Halafu ya jirani. Tulikuwa tunatenga, tunachemsha, tunatenga. Zuhura alikuwa analia anakata. Mwisho Madam akamshika kiwiko, akamwambia, "Basi. Weka wembe chini."

Yaliyokuwa chupani tuliyamwaga nyuma ya choo. Chupa zenyewe Madam alizichemsha zote, akawapa akina mama wauzie karafuu na pilipili manga. Kisha akavaa koti jeupe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya nje ya chumba kile, akaenda kwa mjomba kumwambia watoto wa mgomba wake wamekufa. Mjomba alivua kofia. "Pole, mwalimu," akasema. "Umefiwa." Akampa mkungu wa ndizi za kupika, na siku hiyo Madam hakuugawa. Aliubeba mpaka nyumbani.

Matokeo ya Form Four sitayasimulia sana. Zuhura alifaulu Baiolojia na Kemia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka shule ile. Fizikia alipata F, kama sisi sote, kwa kuwa mwalimu wa Fizikia hatukuwa naye tangu tuko Form Two. Chuo cha maabara kilitaka na Fizikia. Alikwenda na vyeti, akaambiwa hivyo dirishani, akarudi. Sasa ameolewa upande wa Matombo, analima tangawizi, na akinipigia simu tunacheka sana, ila mambo ya chupa hatuyagusi. Mimi nilipata divisheni foo. Madam akahamishwa, stoo ya chakula ikaezekwa upya, na kile chumba kikabaki na mahindi, kwa kuwa ilionekana ndiyo kazi yake.

Mwaka huu nilimkuta Gairo. Mimi siku hizi nachukua karanga kule, nauza mjini Morogoro, na narudi Kinole na nauli na ndoto. Nilikuwa stendi nasubiri lori lipakiwe, nikamwona amesimama kwenye kivuli cha duka, amekonda, ana miwani. Niliacha gunia langu nikamkimbilia. Tulikumbatiana hata salamu hatukukumbuka.

Mimi nina tabia ya kusema vitu vyangu vyote kwa mkupuo. Nikamwambia, "Madam, narisiti, narudia mtihani! Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kuna kituo mjini, masomo ni jioni, nimeshaongea nao. Karanga zinanisaidia ada. Nikifaulu naomba chuo cha maabara. Yule mtu mmoja hajapatikana bado, Madam. Basi nitakuwa mimi."

Nilitegemea anikumbatie tena. Badala yake akanishika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Tukaenda mpaka kwenye mwavuli wa wauza laini za simu. Chini yake alikaa kijana msafi, shati limenyooshwa, anamsajilia bibi mmoja laini. Alimshika bibi kidole kwa upole sana, akakibonyeza kwenye kile kimashine cha alama za vidole.

"Huyu ni mwanangu wa kumzaa," Madam akasema. "Mwambie ulisomea nini."

Kijana akatabasamu. "Stashahada ya maabara, dada yangu. Nikajitolea hospitali bila mshahara mpaka viatu vikaisha. Ajira zikitangazwa tunaomba kijiji kizima kwa nafasi moja." Akamfuta bibi kidole kwa kitambaa. "Fani sijaiacha lakini. Kidole bado nakishika, ila damu sitoi."

Bibi akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaona Madam hacheki. Nikamuuliza kijana alimaliza chuo lini. Akanitajia. Nikarudisha hesabu kichwani. Sisi tulikuwa Form Two.

Tulipotoka pale nikasema, "Madam, kwa hiyo zile siku unatuambia mtu mmoja tu, njia itafunguka..."

"Alikuwa nyumbani. Ameshamaliza. Kila nikiondoka Jumatatu namwacha amekaa kibarazani."

"Mbona ulituambia?"

"Ulitaka niwaambie nini? Kabebeni mikungu?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilidhani shida ni watu kutokuwepo. Kumbe watu wapo, wamekaa chini ya miavuli. Usirisiti, mwanangu. Hizo hela za ada ongezea mtaji. Nakwambia kwa kukupenda."

Mimi sijawahi kumbishia Madam. Nikasema, "Sawa, Madam."

Akageuka kama nimempiga. "Sawa? Sawa nini?"

"Sitarisiti."

"Hivyo hivyo tu? Neno moja nimesema, na wewe unaacha?" Sauti ilipanda mpaka wapakiaji wakatazama. "Zuhura aliacha. Huyu wangu ameacha. Na wewe unasimama mbele yangu unaniambia sawa?"

"Sasa Madam, nifanye nini?"

Midomo yake ilicheza. Nilisubiri, kwa sababu miaka yote minne, ukimuuliza kitu na ukasubiri, jibu lilikuwa linakuja. Utingo akaanza kuniita, karanga zangu zimepanda, lori linaondoka.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi nina kipindi saa nane. Form Two. Nawafundisha seli."

Akakunja kitenge chake vizuri kiunoni, akavuka barabara.